Mlinzi wa Udongo na Nyani Mlafi

Paukwa!

Pakawa!

Mliojibu mna masikio. Basi yatumieni.

Hapo zamani za kale, kijiji cha Mtsangoni kilikuwa na ghala moja la mbegu za mtama. Desturi yao ilikuwa hivi: mbegu hainyimwi aombaye, awe mtu, awe mnyama. Atapewa kibaba kimoja, viwili au vitatu, akapande, na asirudi mpaka viote. Mwaka huo njaa ilikuwa imepita, na mbegu zilizobaki ndizo hizo tu. Mbegu zikiisha kabla ya mvua, hakuna cha kupanda.

Ghala alikabidhiwa Mbodze, mfinyanzi. Hakuweza kukaa mlangoni kutwa, maana alikuwa na shamba na vyungu vya kuchoma. Akafinyanga mlinzi wa udongo, akamwambia: "Akija mtu, muulize anataka vibaba vingapi. Akikutajia, mpe."

Asubuhi akaja Nyani.

"Unataka vibaba vingapi?"

"Mia!" akasema Nyani, akicheka.

Mlinzi akapima mia.

Mbodze aliporudi, alimkuta wifi yake Kadzo, mikono kiunoni.

"Wifi, chungu chako kina mdomo, akili hakina. Kivunje!"

"Sivunji. Nilimwambia ampe, akampa. Hakukosa yeye, nimekosa mimi."

Akamwambia Mlinzi: "Akitaja zaidi ya vitatu, mkatalie. La sivyo, mpe."

Siku ya pili Nyani akarudi.

"Unataka vibaba vingapi?"

Nyani akajikuna. "Nipe mpaka nichoke kubeba."

Mlinzi akawaza. Kuchoka ni zaidi ya vitatu? Hesabu ya kuchoka hakufundishwa, kwa hiyo hakuona zaidi ya vitatu. La sivyo, mpe. Akampa. Nyani alichelewa kuchoka, tena aliita na shemeji zake.

Jioni Kadzo alikuja na mchi. "Imebaki pembe moja ya ghala, wifi. Kivunje, au nikivunje mimi!"

"Sivunji. Hakukosa yeye, nimekosa mimi."

"Na ukikosa tena? Watoto tuwapikie mchanga?"

Mbodze akakaa chini.

"Nimekuwa nikizihesabu hila za Nyani," akasema, "na hila hazina mwisho. Majibu mema ni matatu tu."

Akamwambia Mlinzi: "Ikiwa jibu ni moja, au mbili, au tatu, mpe, kisha usimpe tena mpaka vile viote. Ikiwa ni jibu jingine lolote, usimpe wala usigombane naye. Muulize tena."

Kisha akamgeukia Kadzo. "Wifi, mdomo unao. Leo wewe ndiwe Nyani. Mdanganye."

Kadzo akatupa mchi. Akasema elfu. Akasema hapana kitu. Akasema vingi, vichache, kama vya jana. Akalia, akatukana, akaimba. Kila mara Mlinzi akauliza: "Unataka vibaba vingapi?" Kadzo akakauka koo. Ndipo Mbodze akaenda kulala.

Siku ya tatu Nyani akaja na magunia.

"Unataka vibaba vingapi?"

"Mia!"

"Unataka vibaba vingapi?"

"Mpaka nichoke!"

"Unataka vibaba vingapi?"

"Wewe ni kiziwi? Nipe vya babu yangu! Nipe ghala!"

"Unataka vibaba vingapi?"

Jua likafika utosini. Shemeji zake wakaondoka mmoja mmoja. Mwishowe Nyani akanong'ona: "Vitatu."

Mlinzi akapima vitatu, akampa.

"Vitatu tena!"

"Vya kwanza vimeota?"

"Vitaotaje? Hata mvua haijanyesha!"

"Vikiota, rudi."

Nyani akatazama mbegu, akatazama mbingu. Hakukuwa na wingu. "Sasa nifanye nini?" akauliza.

Kadzo alikuwa amekaa kando, akipepeta. "Chimba mashimo, shemeji," akasema, "halafu ungoje kama sisi."

Mvua ilinyesha mwezi uliofuata. Pembe ile moja ya ghala ikatosha kila shamba la Mtsangoni. Na pale bondeni, watu wanasema, alionekana nyani mmoja ameinama, anapalia, ananung'unika.

Hadithi yangu imekoma hapo. Atakayeisimulia, asiipunguze.