Zamu ya Kwarara Saba

Sogezeni viti karibu, hadithi hii haihitaji sauti kubwa. Ina watu watatu waliojaliwa, kila mmoja kwa chake, na wa nne mwenye aibu.

Shomvi, rubani wa ndege ya mizigo, alijaliwa macho. Kulwa, fundi wa ndege, alijaliwa kifua: siri ikiingia kwake haitoki. Restituta, mwongoza ndege katika mnara wa uwanja wa mjini, alijaliwa masikio, hata akawa anamtambua rubani kwa jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kusema.

Wa nne ni Kapteni Ambwene. Yeye na mkewe, Sekela, walianzisha kampuni yenye ndege mbili ndogo za bluu. Kampuni ya namna hiyo hujichagulia jina la kuitwa redioni, na jina hilo lisifanane na la kampuni nyingine, kwa sababu angani hakuna anayeona uso wa mwenzake. Ambwene alitaka jina la fahari, la simba au la mlima. Sekela akamwambia simba na milima vimeshachukuliwa na wenye fahari zao, akachagua Kwarara, yule ndege wa kelele anayeamsha watu alfajiri. Marubani wengine walicheka, wakawa wanawaigizia mlio wake wakikutana kwenye chai. Jina likabaki. Na Sekela akaongeza desturi yake: safari za kawaida zilipewa namba yoyote, ila Saba aliitenga kwa wagonjwa. Minara yote ya ukanda ule ikazoea kwamba Kwarara Saba akiita, wengine wanampisha.

Sekela akafariki. Matanga yalipokwisha Ambwene alirudi kazini, na mikono yake ilirusha ndege vizuri kama zamani. Kilichokataa ni mdomo. Kila alipobonyeza kitufe cha redio kulitamka jina lile, alikiachia kabla halijatoka. Akaanza kujitambulisha kwa herufi zilizoandikwa mkiani mwa ndege. Zinakubalika, alijiambia, na kwenye viwanja vidogo vya porini hakuna aliyemuuliza. Kulwa peke yake ndiye aliyejua sababu. Ambwene alimwapisha asimwambie mtu, na Kulwa akaapa.

Ndipo siku moja akatumwa kumchukua binti mdogo aliyeumwa na nyoka. Kulwa, kama ilivyokuwa desturi, aliuarifu mnara wa mjini kwamba Kwarara Saba inakuja. Daktari akaja uwanjani na dawa. Mvua kubwa ilikuwa inasogea, na uwanja ungefungwa muda si mrefu.

Ambwene alipokaribia aliita kwa herufi za mkiani. Restituta hakuwa na habari za ndege yenye herufi hizo. Alimwagiza azunguke nje ya uwanja, kwa kuwa njia ya kutua imewekwa kwa ajili ya mgonjwa. Kisha akaanza kuita, taratibu, kwa sauti ya mwanamke aliyezoea redio: "Kwarara Saba, Kwarara Saba, unanisikia?"

Tangu msiba, Ambwene hakuwa amelisikia jina lile kwa sauti ya mwanamke. Alibonyeza kitufe, akavuta pumzi, akakiachia. Akazunguka. Alikuwa anasubiri ndege yake mwenyewe ipite.

Nyuma yake mama wa binti aliuliza, "Kapteni, mbona tunazunguka?"

"Kuna mgonjwa anapita kwanza," alijibu.

"Maskini," yule mama akasema. "Mungu amsaidie."

Ambwene akazunguka tena.

Shomvi alikuwa juu yao na shehena ya samaki, na zamu ya kutua baada ya mgonjwa ilikuwa yake. Aliangalia chini kupitia upenyo wa mawingu. "Mnara," akasema, "chini yangu iko ndege moja tu, ya bluu. Kama Kwarara wako si huyo, basi labda amepita chini ya ardhi. Na zamu yangu mpe yeye. Samaki wangu hawana haraka, walishakufa." Akageuza kwenda uwanja wa mbali. Samaki wale walioza, na tajiri wao akamfukuza kazi.

Restituta alihisi pumzi ile ni ya Ambwene, lakini hakuweza kutoa njia kwa kukisia, maana kama Kwarara mwingine angetokea mawinguni, wangegongana. Alimpigia Kulwa simu. Kulwa akavunja kiapo. Akasema herufi zile alizipaka kwa mkono wake, ndege ndiyo hiyo. "Na usimlazimishe kulitaja jina, dada. Ni la mkewe. Hawezi."

Restituta akarudi redioni. Taratibu za kazi zilitaka rubani ajitambulishe kwa mdomo, na alijua ataulizwa na wakubwa wake. "Ndege unayezunguka," akasema, "sitakuuliza jina. Kama umembeba mtoto, bonyeza kitufe mara mbili. Usiseme kitu."

Ambwene akabonyeza mara mbili. Njia ikafunguliwa, akatua mbele ya mvua. Binti akapona. Restituta akaondolewa mnarani kwa muda.

Mama wa binti alimshukuru Ambwene kwa kumshika mikono yote miwili. Ambwene hakuweza kumtazama.

Baadaye aliwaita wale watatu kwenye karakana. Aliwaambia kila kitu isipokuwa jibu alilompa yule mama. "Sistahili kuliweka jina wala kuliondoa," akasema. "Aliyemwokoa mtoto ndiye aamue."

Shomvi akataka jina libaki, na Ambwene alitamke mwenyewe. "Mimi nimekosa kazi kwa ajili ya Kwarara, halafu mlifute?" Kulwa akataka lizikwe, mtu asiteswe na kazi yake. "Wewe umepoteza samaki, Shomvi. Mimi nimepoteza neno langu." Restituta akasema Kwarara aachiwe Saba peke yake, iitwe kwa wagonjwa tu, na safari nyingine zipate jina jipya. "Nyinyi mlijua ni yeye," akaongeza. "Mimi ndiye niliyefungua njia."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Bila macho ya Shomvi hakuna ambaye angeuliza. Bila Kulwa hakuna ambaye angeelewa, na bila Restituta njia isingefunguliwa.

Asubuhi iliyofuata Ambwene aliwasha injini. Safari ilikuwa ya mgonjwa, mzee anayekwenda kutibiwa moyo. Sauti ya mnarani ikamtaka ajitambulishe. Kidole chake kiko kwenye kitufe, na pumzi ameshavuta.

Je, ninyi mnaonisikiliza, kati ya watatu hawa mngempa nani haki ya kuamua? Jibuni, mzee wa watu yuko ndani ya ndege.