Vikombe Viwili Ghalani

Nipokeeni!

— Tukupokee.

Mzigo wangu mzito!

— Tua, tukusaidie.

Haya, natua. Na wewe Shomvi uliyekaa karibu na sufuria, mikono yako niione mpaka nimalize.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na soko lao na ghala lao, palikuwa na nungunungu mmoja wa kike, wakimwita Nungu. Alikuwa mpweke. Sisemi upweke wa kununiwa siku moja ukapatana kesho yake. Nasema upweke wa kukaa peke yako kwenye benchi refu, wenzako wamebanana kwenye benchi la pili hadi linalia. Nani akae ubavuni mwa miiba?

Nungu akaomba kazi sokoni. Wakampa upagazi. Akabeba gunia mgongoni, miiba ikalitoboa, mahindi yakamwagika njia nzima, na kanga wakamfuata nyuma kama wanasindikiza harusi. Wakamfukuza. Akaomba kuuza. Wateja wakasimama mbali, wakauliza bei kwa kupiga kelele, kisha wakaenda meza nyingine. Ngedere, mkuu wa wauzaji, akamfukuza. Akaomba kufagia. Akafagia vizuri kabisa, ila alipokuwa anarudi kinyumenyume alimchoma Nyati, mkuu wa soko mwenyewe, mahali nisipoweza kupataja mbele ya wakwe. Wakamwambia asionekane tena.

Alipokuwa anaondoka akapita nyuma ya soko, penye ghala. Ghala lile lilichimbwa ardhini, na aliyelichimba na kulitunza ni Mzee Mhanga: pua ndefu, masikio marefu, maneno machache. Nungu akajisugua kwa bahati mbaya kwenye gunia lililoegemezwa mlangoni, likatoboka. Akasimama, kichwa chini, akingoja kufukuzwa mara ya nne. Mhanga akatoka, akaokota punje zilizodondoka, akazinusa.

"Mwiba wako umefika katikati ya gunia," akasema. "Pua yangu haijawahi kufika huko. Kesho uje asubuhi. Uji upo."

Asubuhi Nungu akakuta vikombe viwili mezani. Kimoja kilikuwa kimelika ukingo kwa kunywewa miaka na miaka. Cha pili kilikuwa kikuukuu vilevile, lakini ukingo wake mzima. Akaelewa kwamba mzee huyu alikuwa akikiweka kila siku, na hakuna aliyekuja kukinywea. Nungu akanywa, na machozi yakamtoka, akasingizia moshi. Mnataka kuniuliza Mhanga anakunywaje uji kwa ulimi ule mrefu? Polepole.

Basi Mhanga akaanza kumfundisha. Kwanza, gunia lililotangulia kuingia ndilo hutangulia kutoka. Mvivu hutoa lililo karibu na mlango, kwa kuwa ni jipya na halichoshi kulifuata, na yale ya nyuma yanaozea gizani. Kwa hiyo kila asubuhi wakayahamisha magunia, wakiimba:

La nyuma lije mbele,
La mbele lirudi nyuma,
Lililongoja tusilisahau.

Pili, gunia huulizwa mara tatu. Huulizwa kwa pua, nayo pua hukuambia kama kuna uvundo. Huulizwa kwa sikio, nalo sikio hukuambia kama fukusi wanatafuna. Huulizwa kwa mwiba. Ukiuchomeka mpaka katikati na kuuchomoa, ukaukuta wa moto, jua mahindi yaliingia mabichi na yanaharibika ndani kwa ndani.

Nungu alikosea, tena sana. Mhanga hakumgombeza. Kila alipotoa jibu, mzee alimwambia neno moja tu: "Uliza tena." Naye akauliza tena. Masika ya kwanza yakapita, ya pili yakapita, ya tatu yakapita. Wale wa sokoni hawakumjua bado. Lakini asubuhi alikuwa na mahali pa kukaa, na kikombe kilichoanza kulika ukingo.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Sokoni meza zikawa tupu, watoto wakalala na njaa. Ndipo yakaja magunia kumi kutoka ng'ambo ya mto, meupe, yamejaa, yakapangwa mlangoni. Ngedere akaja mbio kuyachukua. Nungu akamwomba angoje. Akauliza kwa pua, kimya. Akauliza kwa sikio, kimya. Akauliza kwa mwiba, ukatoka wa moto. Mhanga akamwambia aulize tena. Akauliza, ukatoka wa moto tena.

Nungu akakataa kuyatoa. Ngedere akashangaa, akasema tangu lini miiba ikatoa amri. Akaenda moja kwa moja kwa Nyati na kusema wazi: ama Nungu aondoke leo, ama yeye Ngedere aache soko.

Watu wote wakakusanywa mbele ya ghala. Nungu akatazama lile benchi lake refu kule uwanjani, akajua jioni atakuwa amelirudia. Nyati akaamuru gunia likatwe. Likakatwa. Juu mahindi meupe, katikati meusi, yameshikana, yanatoa mvuke. Mama mmoja swala akamvuta mwanawe nyuma. Kila mmoja alijua angekula nini siku ile.

Nyati akakohoa. Akasema, "Pua ya Mhanga haijawahi kukosea. Mzee, tunakushukuru. Ila huyu msaidizi wako amegombana na wauzaji, na mimi mwenyewe nina kovu lake. Tutakutafutia mwingine."

Mhanga angeweza kuitikia kwa kichwa tu. Angerudi ndani na ufunguo wake, na heshima yake, na uji wake. Nungu alikuwa ameshaanza kugeuka kwenda.

"Pua yangu imekufa," Mhanga akasema. "Tangu masika ya mwaka jana sisikii hata harufu ya uji. Kila punje mliyokula tangu siku hiyo, aliyeiuliza ni Nungu. Mimi nilisimama karibu tu."

Kumbe zile "uliza tena" za mwaka mzima hazikuwa mtihani. Mzee alikuwa hajui jibu.

Akauvua ufunguo shingoni, akamvisha Nungu. Miiba ikamchoma mkono, na hakuuondoa kwa haraka. Ngedere akatazama mkia wake.

Nungu akamsihi mzee abaki, wanywe uji kama zamani. Mhanga akakataa. "Nikikaa hapa wataniuliza mimi, wakuruke wewe. Nawe utaninyamazia kwa heshima." Akashika njia mchana uleule, na hakurudi.

Basi Nungu akawa mtunza ghala. Ngedere akamsalimia kwa adabu, tena kwa kuinama, lakini kwa mbali. Heshima alipata. Wa kukaa naye hakupata. Asubuhi aliweka vikombe viwili, akanywa kimoja, na cha pili akakimwaga kikiwa kimepoa. Akayahamisha magunia peke yake, akauimba wimbo peke yake, na mwisho akaacha kuuimba.

Siku moja mlangoni akasimama kicheche. Alikuwa amefukuzwa upagazi, amefukuzwa uuzaji, amefukuzwa ufagiaji. Alisimama kule upande upepo unakokwenda, ili harufu isimfikie mwenye nyumba.

"Mimi nanuka, mama," akasema.

Nungu akaitazama miiba yake, akakitazama kile kikombe kilichopoa.

"Basi pua tutaiweka mwisho," akamwambia. "Tuanze na sikio. Ingia, nipashe uji."

Na asubuhi iliyofuata, waliopita nyuma ya soko wakasikia wimbo wa magunia, sauti mbili.

Ndio mwisho. Nawaambia nyie mliokwisha kujua kazi: mkalisheni karibu mtu mmoja asiyejua, na siku yake ikifika mtajeni jina lake mbele za watu, hata kama itawagharimu kiti. Nanyi mnaojifunza, ulizeni tena.

Mzigo nimeutua, aubebe mwenye mgongo. Shomvi, mikono nilikuwa naiona. Mdomo wako je, unatafuna nini?