Digidigi Aliyekwenda kwa Mganga Jioni

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa, mbona mnaitikia puani? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika nyika ya miiba, palikuwa na Digidigi aitwaye Chande na mkewe Mashavu. Digidigi ni paa mdogo, miguu kama vijiti. Huoa mke mmoja, basi.

Kila alfajiri damu ya madume ilipanda. Ilipanda kama maji kisimani: jua likichomoza, kisima kimejaa. Dume akaruka, akazunguka mpaka wake, akapiga mluzi: zik! zik! Mke akajibu: zik! Mchana kutwa damu ikashuka taratibu. Jioni madume wote walikuwa wamechoka sawasawa. Kesho yake ikapanda tena.

Mwaka mmoja damu ya Chande haikupanda. Alfajiri yake ikawa sawa na jioni yake. Akabaki amelala. Mashavu akapiga mluzi: zik! Kimya. Akampapasa kwa pua. Chande akageuza shingo.

"Mume wangu, nimekukosea nini?"

"Hakuna. Niache nilale."

Kwale, jirani yao, alikuwa juu ya kichuguu. Akacheka, kwa-kwa-kwa!

"Shemeji Mashavu! Jua limepanda, mumeo bado kalala! Siku hizi amekuwa mkeka?"

"Kama ni mkeka, ni wangu. Sijakuazima."

Kwale akashuka kichuguuni. Lakini Mashavu alipofika kichakani, alilia.

"Nenda kwa Pimbi ukapimwe," akamwambia mumewe.

Pimbi alikuwa mganga wa mwambani. Alimwekea mgonjwa sikio kifuani, akasikia damu imefika wapi. Alipima alfajiri, kabla mgonjwa hajatafuna hata jani. Lakini alfajiri madume vijana walipita pale wakirukaruka. Chande akaona haya. Akaenda jioni.

Pimbi akatega sikio. "Damu iko chini."

"Na ya wenzangu?"

"Saa hizi? Iko chini vilevile. Lakini jioni haisemi kitu, bwana. Rudi alfaji—"

Chande alikwishageuka.

"Mganga amesemaje?" Mashavu akauliza.

"Niko sawa na wenzangu."

"Kama wewe ni mzima, basi ni mimi. Umenichoka."

Chande aliujua ukweli. Neno moja lingetosha. Hakulitoa.

Kulipopambazuka, Mashavu akaenda peke yake kuzunguka mpaka, ili Kwale asipate la kusema. Digidigi hutembea wawili: mmoja akiinama, mwenzake hutazama juu. Mashavu akapiga mluzi: zik! Akainama. Juu hakutazama mtu.

Vuuu! Tai akashuka.

Chande alisikia mluzi mmoja mfupi. Akajaribu kuinuka. Akaanguka. Akajaribu tena. Alipofika, alikuta nyasi zilizolala na alama ya kwato moja ndogo.

Siku ya tatu, alfajiri, alikwenda mwambani. Madume vijana walikuwepo. Hakuwatazama. Pimbi akatega sikio, akalitega muda mrefu.

"Kisima hakijai, bwana. Ni ugonjwa, wanaupata wengi. Mizizi yake ipo. Mbona hukurudi siku ile?"

Chande akageuka, akawatazama wale madume vijana.

"Mkeo anajua?"

"Hapana. Ameondoka akidhani ni yeye."

Pimbi akamchimbia mizizi. Chande akaitafuna mwezi mmoja, akaitafuna miezi miwili. Alfajiri moja damu ikapanda. Akaamka kabla ya jua, akazunguka mpaka wote. Zik! zik! Akasimama, sikio limesimama, akingoja jibu kama zamani.

Kwale alikuwa juu ya kichuguu. Siku hiyo hakucheka.

Chande akaenda penye zile nyasi. Zilikuwa zimekwisha kusimama tena. Akasema, "Mashavu, hukuwa wewe. Ilikuwa damu yangu." Akalisema mara tatu, kwa sauti nzima, sauti aliyokuwa nayo sasa.

Wasikilizaji wangu, mwili ukipungukiwa, si aibu. Kapimwe saa ile inayosema kweli. Na mwambie mwenzako angali anasikia.

Hapo ndipo hadithi yangu inapokoma. Mwenye mtu nyumbani, aende.