Mtoto wa Mwanaidi Hasikii

Asiyesikia, liulize sikio. Mmeisikia leo kwa Mama Sefu akimtetea mjukuu wake, mkacheka, halafu mkaja kuniuliza ilikotoka. Mmefanya vizuri kuja kwangu, maana huko nje mtaambiwa ni methali ya mababu. Si ya mababu. Imezaliwa hapa hapa Kondoa, na aliyeisema wa kwanza nilikuwa nachota naye maji bomba moja. Haya, vuteni hilo gunia mpukuchue mahindi huku mkisikiliza, mimi simsimulii mtu aliyekaa bure. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Mwanaidi, mke wa Jumanne, fundi cherehani. Walikaa nyumba moja na Bi Salima, mama yake Jumanne, pamoja na mtoto wao wa pekee, Sauda, aliyekuwa darasa la kwanza. Sauda alikuwa mtoto wa kuchosha, tusidanganyane. Ukimwambia kaa, anasimama. Ukimtuma sahani, anakuletea sabuni, tena anakukazia macho kana kwamba wewe ndiye mwenye kosa. Shuleni alikuwa haishi kutoka kwenye dawati lake kuzunguka darasa, na akirudishwa kwa nguvu anapiga kelele na kuwasukuma wenzake.

Mwisho mwalimu alimwita Jumanne, akamwambia bila kuzunguka, "Baba Sauda, mtoto wako hasikii. Ana akili, lakini hasikii. Mtafutieni tiba, la sivyo kaeni naye nyumbani mpaka atulie."

Neno hilo lilishuka mtaani kabla Jumanne mwenyewe hajafika nyumbani. Mtoto wa Mwanaidi hasikii! Hapo kila mtu akaanza kumwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Bi Salima aliushuku ukoo wa mkwewe, akasema kwao yeye hajawahi kuzaliwa mtoto wa namna hiyo. Mwanaidi alimshuku mama mkwe kwamba anamdekeza mtoto kichinichini ili amdharau mama yake. Jumanne aliwashuku wote wawili, akawa anashinda kwenye cherehani hata siku asizokuwa na kazi. Na sisi majirani tulishuku kila kitu, kuanzia jini mpaka sukari nyingi.

Siku moja Jumanne na mama yake walimchukua mtoto wakaenda naye zahanati. Mwanaidi alikuwa shambani, hakuambiwa. Daktari aliuliza mtoto ana shida gani, na Bi Salima akamdakia mwanawe maneno mdomoni.

"Hasikii, daktari! Shuleni hasikii, nyumbani hasikii. Hatulii kabisa."

Foleni ilifika nje mlangoni, na daktari alisikia kile ambacho hata mimi na nyinyi tungesikia. Kwetu sisi mtoto asiyesikia ni mkaidi, basi. Nani huenda mbali zaidi ya hapo? Akawapa vidonge vya kutuliza, akasema apewe kila siku baada ya kula, akishatulia warudi.

Mwanaidi alipoonyeshwa kile kipakiti aliuliza swali moja. "Mwanangu anaumwa nini?"

"Hatulii," akasema Jumanne.

"Hatulii ni jina la ugonjwa?"

"Daktari amesoma, mke wangu."

"Amemtazama?"

"Ametuuliza, tumemjibu."

Msije mkadhani Mwanaidi alikuwa mtu wa kukataa hospitali. Mtoto huyo huyo akishikwa na homa, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kumbeba mbio. Aliogopa kitu kimoja tu: kwamba watamzima mwanawe kama kibatari, anyamaze, watu wafurahi, na kilichokuwa kinamsumbua kibaki humo humo ndani bila mtu kukijua. Jumanne naye aliogopa. Yeye hakusoma, na alikuwa ameapa binti yake hataishia darasa la kwanza. Kwa hiyo akakata shauri kwamba Jumatatu Sauda anaanza dawa na anarudi shule. Mwanaidi hakubishana, ila alikichukua kipakiti akakifunga kwenye pindo la khanga yake, akawa anatembea nacho na kulala nacho.

Jumapili mchana alirudi kutoka kufua. Akamkuta Sauda amekaa kwenye mkeka uani, ameupa mlango mgongo, anachambua choroko. Ametulia tuli, hata mguu hauchezi. Mwanaidi akatua nguo chini. Akashika pindo la khanga, na fundo lilikuwa vilevile. Lakini mtu aliyekwenda zahanati kwa siri mara moja, atashindwa kwenda mara ya pili?

"Mama, umempa nini mtoto?" akamuuliza mama mkwe wake.

"Nimpe nini mimi?" Bi Salima akamaka. "Dawa si umeifunga kama hirizi!"

"Mbona ametulia?"

"Ala! Akichachawa kosa, akitulia kosa. Nyumba hii mtu aishi vipi?"

Mwanaidi alitaka kujua kama mtoto amelewa dawa. Akasimama pale pale mlangoni, akaita kwa sauti ya kawaida, "Sauda! Njoo uchukue kashata."

Sauda akaokota jiwe kwenye choroko, akalitupa.

"Sauda! Kashata hii hapa!"

Sauda akaendelea kuchambua.

"Umeona sasa?" akasema Bi Salima. "Hasikii."

Mwanaidi aligeuka polepole akamtazama mama mkwe wake. "Mama, mtoto hukaidi kutumwa maji. Hukaidi kuoga. Wewe umeona mtoto gani akakaidi kashata?"

Lakini Bi Salima hakuwa mtu wa kushindwa kwa swali moja. Akachukua mfuniko wa sufuria, akaubamiza ukutani, na Sauda akaruka akageuka. "Huyo! Anasikia akitaka," akasema. Mwanaidi alikwenda akachutama mbele ya mtoto.

"Mwanangu, nimekuitia kashata. Mbona hukuja?"

Sauda alimtazama mdomo, si macho. "Hukuniita. Ulikuwa umenyamaza."

"Na shuleni, kwa nini unatoka kwenye dawati?"

"Mwalimu akigeukia ubaoni ananyamaza," akasema mtoto. "Mimi nazunguka nimwone mdomo, ili aseme tena."

Jumanne alikuwa ametoka chumbani kwa ule mshindo wa mfuniko. Alisikia maneno hayo, akakaa chini kwenye vumbi na kanzu yake ya kutokea. Bi Salima akajitia kuokota choroko zilizomwagika.

Jumatatu walikwenda zahanati wote wanne. Daktari aliwakumbuka, akauliza kama mtoto ametulia.

"Daktari," akasema Jumanne, "mtoto hasikii."

"Si mliniambia?"

"Hatukukuambia. Siku ile tulikuwa tunamsema mtoto vibaya. Leo ndiyo tunakuambia ugonjwa."

Daktari aliweka kalamu chini. Kwa kweli simlaumu sana, na yeye siku hiyo alijilaumu mwenyewe mbele yao, jambo ambalo si wengi wanaliweza. Akamwomba Mwanaidi kile kipakiti. "Hivi nirudishieni," akasema. "Vina wagonjwa wake, lakini huyu simjui bado." Na ni kweli vina wagonjwa wake, msije mkaenda kusema bibi kakataza vidonge. Mtaa wa nyuma hapo kuna kijana alivitumia utotoni vikamfaa, akasoma hadi leo ni karani. Ila yeye alitazamwa kwanza.

Basi daktari akawasha kurunzi, akasogeza mkono ili alivute sikio kidogo apate kuona ndani. Mkono ulipogusa tu, Sauda akajikunyata, akafunika masikio kwa viganja vyote viwili, akalia, "Bibi, usivute! Nitasikia! Nitasikia!"

Daktari akamgeukia Bi Salima. Yule mama mwenye ulimi wake aliinamisha kichwa, na machozi yakamtoka mbele ya mkwewe bila kuyafuta.

"Nimelivuta sikio hili tangu anatambaa," akasema. "Nimelivuta ili lisikie. Sikuwahi kuliuliza lina nini."

Lilikuwa na usaha wa zamani, tena masikio yote mawili. Walipelekwa hospitali kubwa, sikio moja likafunguka, la pili likabaki zito mpaka leo. Mwalimu alimhamishia Sauda dawati la mbele, akajizoeza kumaliza kuandika ndipo ageuke aseme. Utundu haukuisha wote, na nani alitaka uishe wote?

Lakini Bi Salima hakuwahi tena kupeleka mkono kwenye sikio la mtoto wa mtu. Ukimlalamikia bombani kwamba mwanao hasikii, ukitaka akuunge mkono umchape au akuelekeze kwa muuza dawa, alikuwa anatua ndoo yake chini kwanza, kisha anakwambia jambo hilo moja: asiyesikia, liulize sikio.