Bwawa la Kuogea Wakwe

Hapo zamani, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kugombana na majirani, Tembo aliishi juu ya kilima, na Digidigi aliishi chini yake. Kaeni kitako, msinikatize.

Tembo alikuwa na maringo. Aling'oa nyasi zote uani, akashindilia udongo kwa miguu yake minne, akausiriba mpaka uwanja ukang'aa kama sahani. Mvua ikinyesha, ardhi hainywi hata tone. Maji yote mbio, shwaaa! mpaka kwa Digidigi. Masika yaliyopita yalimbomolea jiko. Sasa masika mengine yalikuwa njiani, naye ana kitoto cha wiki mbili, na ukuta wa chumbani una ufa wa kuingiza kwato.

Akapanda kwa jirani.

"Hodi! Shikamoo, Baba Sikudhani."

"Marahaba. Nani huyo? Sioni mtu."

"Tazama chini."

"Aa, wewe! Umekuja kulalamikia maji tena? Mimi siyatumi. Yana miguu yao."

"Nani kataja maji? Nimekuja kumpongeza binti yako Sikudhani. Nasikia wakwe wanaleta posa."

Tembo akatanua masikio. "Wanakuja, na uwanja wataukuta huu!"

"Mzuri. Watauangalia. Halafu wataoga wapi?"

Tembo akageuka kuutazama uwanja wake mkavu.

"Watu wanatoka mbali, baba. Kule kwa Kiboko wageni wanajitupa majini mzimamzima. Wewe utawapa kata moja ya maji wajipake?"

"Kiboko? Yule mdomo mpana anishinde mimi?"

"Sijasema mimi. Watu ndio wanaosema."

Basi! Tembo akashika kazi. Akachimba kwa pembe, gubu! gubu! ukingoni mwa uwanja, pale pale maji yanaposhukia. Udongo akaupanga tuta upande wa bondeni. Digidigi akakaa juu ya tuta akielekeza kama fundi mkuu.

"Ongeza kina, baba. Wakwe wana matumbo."

Kisha akaleta mwanzi mwembamba, uliotobolewa ndani, akataka uzikwe chini kabisa ya tuta, upitilize hadi upande wa pili.

"Wa nini huu?"

"Wa kutolea maji polepole. Unataka mkwe aoge maji yaliyolala?"

Masika yakaingia. Maji yakateremka uwanjani, shwaaa! yakakutana na shimo, yakakoma. Kwenye mwanzi yakatoka kidogo kidogo, chururu, chururu, yakapita pembeni mwa mchicha wa Digidigi kwa adabu. Asubuhi akaugusa ukuta. Mkavu!

Mara akasikia mngurumo. "We tapeli! Bwawa limebaki nusu, na wakwe wako njiani!" Tembo alikuwa ameshika bonge la udongo, tayari kuuziba mwanzi.

Digidigi akapanda mbio hadi kwenye tuta. Mwanzi ukizibwa, ukuta haumalizi wiki. Lakini hakulia.

"Ziba, baba. Ila mvua ya jioni itakaa wapi, kama bwawa limejaa tangu asubuhi? Itapasua tuta lako, na uwanja utalifuata bondeni, mkwe anatazama."

Mbingu zikajibu, guruuu! Tembo akatazama wingu, akatazama uwanja wake, akalitupa bonge.

Hapo hapo wakwe wakaingia, jua limewachoma migongo. Mama mkwe akaliona bwawa, nusu maji, nusu tope.

"Hee! Tope!" Puu! Akajitupa. "Tumepita kwa Kiboko, maji matupu, mgongo bado unawasha. Hapa ndipo wanapojua kupokea wageni!"

Posa ikakubaliwa hata chai haijachemka.

Tembo akamwinamia Digidigi. "Sema kweli. Bwawa hili ulilitaka kwa ajili ya wakwe?"

"Kwa ajili ya ukuta wangu, baba. Wakwe walinisaidia tu kukuamsha."

Tembo akanuna. Kisha akacheka mpaka masikio yakapiga makofi. "Haya. Mwanzi ukizibwa na majani, niite nizibue."

Na kila alipoitwa, alikuja.

Ndiyo hivyo, wajukuu: mwenye maringo ukimwomba msaada atakunyima, lakini mwonyeshe sifa iko wapi, atachimba mwenyewe.