Radhi ya Bwana Harith

Palikuwa na tajiri mmoja Pangani, Bwana Harith, ambaye akikohoa barazani, vikombe hugongana kabatini. Asubuhi moja binti yake Raya alimmwagia mama yake, Bi Zuhura, uji kwa hasira, na baba akaambiwa kuwa mtoto amegoma kuomba radhi. Bwana Harith akamwita Somoe, yaya wa nyumba, mbele ya mkewe na binti yake.

"Mfundishe mwanangu kuomba radhi kabla ya adhuhuri. Ukishindwa, fungasha virago!"

Somoe akainamisha kichwa. "Nimejaribu, bwana. Ananiuliza maneno hayo husemwaje, maana hajapata kuyasikia kwa baba yake. Na sauti yangu nyembamba, haimwingii. Labda yako."

Bwana Harith akavimba kifua. "Nimwombe nani radhi, nami sina kosa?"

"Ni mfano tu, bwana. Mwelekee Bi Zuhura. Chukua hata ile sahani ya pilau uliyoitupa uani juzi."

"Zuhura," akaanza kwa kishindo, "nilikosea nilipoitupa ile sahani. Nawe uliamka alfajiri kunipikia..." Aliyoyaanza kwa kuigiza yakamshika kweli. "Niwie radhi, mke wangu."

Bi Zuhura akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Nimekusamehe."

Raya akamrukia mama yake mapajani. "Na mimi niwie radhi, mama!"

"Mmeona?" akatamba Bwana Harith. "Mara moja tu, kajua!"

"Huyo alijua tangu asubuhi, bwana," akasema Somoe. "Uji haujapoa, alishamwomba mama yake radhi. Aliyekuwa akifundishwa na sisi watatu ni mwingine."