Mjane Aliyeshiba Harufu

Palikuwa na mjane mmoja aliyewapikia vijana wa kwaya kila Jumamosi, uani nyuma ya kanisa. Mafiga matatu, sufuria iliyopinda mdomo, mahindi ya kukoboa na maharage aliyoyaloweka tangu jana yake. Akishatia kitunguu na karanga za kutwanga, basi. Makande ya watu wasio na kitu, lakini harufu yake iliwafanya waimbaji waukimbize ubeti wa mwisho kama wanaofukuzwa na nyuki.

Mnadhani alipika kwa upendo tu? Msinichekeshe. Watoto wake walishaoa na kuolewa, wakaenda zao. Nyumbani alikula peke yake, anasikia kijiko chake kikigonga sahani. Alichokitamani ni kukaa kwenye ule mkeka, goti liguse goti la mtu, mkono uingie kwenye sinia penye mikono mingine, na yeye agombee.

Vijana wetu wana adabu. Wakishanawa humgeukia: "Karibu, bibi!"

Naye hujibu kama mama zenu walivyowafundisha, kwamba mtu mzima hakimbilii chakula: "Asanteni, wajukuu zangu. Nimeshiba."

"Umeshiba nini, bibi, na hata chumvi hujaonja?"

"Harufu imenitosha. Kuleni."

Wanacheka, wanakula. Yeye anabaki kuchochea moto usio na kazi, anangoja aitwe tena. Si mnatujua? Karibu ya kwanza tunaikataa kwa heshima, ya pili ndiyo tunayoikalia. Lakini vijana wa siku hizi ukiwaambia umeshiba, wanakuamini!

Ikapita miezi. Jumamosi moja akajiapia: leo wakisema karibu tu, nakaa. Akajifunga khanga safi, akanawa kabla yao. Sinia likawekwa, wakaomba, mikono ikaingia. Hakuna aliyegeuka.

Akashindwa kuvumilia. "Ninyi! Leo hamnikaribishi?"

Msichana mmoja akashtuka, mdomo umejaa. "Ai, bibi! Si wewe kila siku umeshiba? Tukaona tusikusumbue. Kwani leo una njaa?"

Wote wakaacha kula, wakamtazama. Nafasi ilikuwepo pale mkekani, ya mtu mmoja. Mjane akafumbua kinywa aseme ndiyo. Ulimi, kwa mazoea yake, ukasema: "Hapana, mwanangu. Nimeshiba."

Wakaendelea kula.

Haya, wapendwa, nani alimnyima yule mama? Na sisi je? Tunaingia humu kanisani tumechanika ndani, tukiulizwa hali tunajibu, "Hatujambo, Mungu ni mwema." Tunapiga magoti tunamwombea jirani mgonjwa, tunaliombea taifa, halafu tunasema amina na kuondoka na njaa yetu. Kisha tunanung'unika kwamba Mungu amenyamaza. Anyamaze vipi, naye kila siku anaita? Sisi ndio tunaomfanyia adabu za uani.

Mwenye njaa aseme ana njaa. Anayesema ameshiba, sinia litampita, wala hatakuwa ameonewa.